Eeyore, punda mwenye huzuni tunayempenda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wakikumbushana hadithi za utotoni, wengi humtaja shujaa. Sisi wengine humtaja punda aliyeinamisha kichwa. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila mara Eeyore anapozungumzwa. Huulizwa na wazazi, na watu wazima wanaoona haya kidogo kwamba bado wanampenda, na wale waliomjua kupitia katuni tu. Anayejibu ni mtu anayempenda, na mapenzi hayo sitayaficha.

Eeyore ni nani?

Ni punda mzee wa rangi ya kijivu katika hadithi za dubu Winnie-the-Pooh, zilizoandikwa na Mwingereza A. A. Milne na kuchorwa na E. H. Shepard. Vitabu vyenyewe vya hadithi ni viwili tu: Winnie-the-Pooh, kilichotoka Oktoba 1926, na The House at Pooh Corner cha mwaka 1928. Wakazi wenzake wa msituni ni Pooh mwenyewe, Piglet yule kinguruwe mdogo na mwoga, Rabbit yule sungura mwenye kupenda kupanga mambo, Owl yule bundi anayejifanya msomi, Kanga yule kangaruu na mwanawe Roo, Tigger yule chui milia asiyetulia, na mtoto Christopher Robin ambaye wote humkimbilia mambo yakiharibika.

Eeyore anaishi peke yake katika kona yenye majimaji. Chakula chake ni mibaruti. Mkia wake umeshikizwa kwa msumari. Ukimwamkia kwamba asubuhi ni njema, atakujibu kuwa ana shaka kama kweli ni njema.

Ni kweli aliwahi kuwa mdoli wa mtoto halisi?

Ndiyo. Milne alikuwa na mtoto mmoja, Christopher Robin, aliyezaliwa Agosti 1920. Dubu wa mtoto huyo alinunuliwa katika duka la Harrods, London, mwaka 1921, na punda alikuwa miongoni mwa midoli ya mwanzo iliyoungana na dubu huyo. Owl na Rabbit ndio waliotoka kichwani mwa Milne. Wengine wote walikuwa midoli ya mtoto, ingawa Kanga na Tigger walinunuliwa baadaye, hadithi zikiwa zimeshaanza kutungwa.

Inasimuliwa kwamba shingo ya yule punda wa kitambaa ililegea kwa kuchezewa, kichwa kikainama, na tabia yake yote ikazaliwa hapo. Mimi naiamini simulizi hii kwa urahisi, kwa sababu ndivyo watoto wanavyofanya: mdoli ukilegea shingo, mtoto hasemi umeharibika, anasema una huzuni.

Je, kuna jambo lililompata hadi akawa hivyo?

Hadithi haisemi. Hakuna msiba uliotajwa, hakuna aliyemwonea zamani, hakuna sura inayoturudisha ujana wake kutuonyesha alivyokuwa mchangamfu kabla ya jambo fulani. Tunamkuta hivyo alivyo.

Wapo wasomaji wanaoitafuta sababu katika maisha ya mwandishi. Milne alikuwa ofisa wa mawasiliano katika jeshi la Uingereza na alipigana kwenye vita vya Somme mwaka 1916, akarudishwa nyumbani akiwa mgonjwa wa homa ya mahandaki. Shepard naye alikuwa ofisa wa mizinga huko huko, na kaka yake aliuawa Somme. Mwaka 1934 Milne alichapisha kitabu kizima cha kupinga vita. Haya ni kweli, na mtu akiyajua husoma utulivu wa msitu ule kwa jicho jingine. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema Eeyore ni askari aliyejificha katika ngozi ya punda. Nguvu yake iko kwenye kutokuwa na sababu. Watu wengi wenye moyo mzito hawana tukio la kumsimulia anayewauliza kulikoni, na huchoka kuulizwa. Ndani ya hadithi hizi yumo mmoja ambaye hakuwahi kudaiwa maelezo.

Inakuwaje mtu ampende mhusika anayelalamika kila siku?

Hili ndilo swali kubwa, na jibu langu liko katika sura ya sita ya kitabu cha kwanza, ile ya siku yake ya kuzaliwa.

Eeyore amesimama kando ya kijito, anajitazama majini, na anaona anasikitisha. Anavuka ng'ambo, anajitazama tena upande wa pili. Hakuna nafuu. Pooh anapofika, Eeyore anamwonyesha zawadi zake, keki yake na mishumaa yake, navyo vyote havipo. Ni siku yake ya kuzaliwa na hakuna aliyekumbuka. Pooh anakimbia nyumbani, mlangoni anamkuta Piglet na kumpasha habari, na wote wawili wanakwenda kutafuta zawadi. Pooh anachukua chungu cha asali, kisha akiwa njiani anasikia njaa na kuila yote. Piglet anachukua puto, anakimbia nalo ili awahi kufika wa kwanza, anajikwaa, anaanguka juu yake, linapasuka.

Kwa hiyo punda anapokea chungu kitupu na kipande cha mpira kilicholowa. Mwandishi mwingine angemfanya avunjike moyo, au angemfanya atoe hotuba kwamba nia ndiyo muhimu. Milne anamfanya aulize maswali. Puto lilikuwa la rangi gani? Jekundu. Ndiyo rangi anayoipenda. Lilikuwa kubwa kiasi gani? Karibu kama Piglet. Ndio ukubwa anaoupenda. Anayauliza kwa utulivu, Piglet akizidi kuumia kwa kila jibu. Halafu chungu kinafika, na Eeyore anagundua kwamba puto lililopasuka linaingia ndani yake na linatoka. Puto zima lisingeingia. Analitia, analitoa, analitia tena, na wenzake hata wakizungumza hawasikii, kwa furaha aliyonayo.

Tazama alichofanya hapo. Kila mtoto aliyewahi kupewa kitu pungufu anajua jinsi ilivyo vigumu kukipokea mbele ya aliyekupa. Eeyore, yule tunayeambiwa ni wa kununa tu, ndiye aliyeupata mchezo ndani ya vitu viwili vilivyoharibika. Na alifanya hivyo akiwa bado ni yeye yule, bila kugeuka punda mwingine. Nilipoielewa sura hii sikuweza tena kumwita mlalamishi. Ni mtu asiyetarajia kukumbukwa, na akikumbukwa hata kwa kombo, anashukuru kwa moyo wote.

Wasomaji wengi husahau jambo jingine: sura mbili za mwanzo zinazomhusu huishia kwa furaha. Katika ile ya nne mkia wake unapotea, Pooh anaukuta nyumbani kwa Owl ukitumika kama kamba ya kengele ya mlangoni, Christopher Robin anaupigilia msumari mahali pake, na Eeyore anarukaruka msituni akiupunga. Anarukaruka! Picha tuliyobaki nayo kichwani, ya punda asiyewahi kufurahi, hatukuipata vitabuni.

Watu husema marafiki zake hawakujaribu kumbadilisha, walimpenda tu alivyo. Ni kweli?

Nusu ni kweli. Maneno haya yamesambaa sana, na ninaelewa kwa nini yanawapa watu faraja. Lakini yanaufanya msitu ule uwe laini kuliko ulivyo, na yanawafanya marafiki wawe watakatifu.

Ukweli ni kwamba mara nyingi wanamsahau. Wanaweza kupita siku nyingi bila kumtembelea. Siku yake ya kuzaliwa ilikumbukwa kwa bahati tu. Tena kuna ile sura ya kwanza ya The House at Pooh Corner, ambayo kwangu ni kati ya sura nzuri zaidi katika vitabu vyote viwili. Theluji inaanguka, na Pooh anawaza kwamba kila mmoja ana nyumba isipokuwa Eeyore. Yeye na Piglet wanaamua kumjengea. Piglet ameona rundo la vijiti ng'ambo ya pili ya msitu, wanavibeba, wanajenga. Vijiti vile ndivyo vilivyokuwa nyumba ya Eeyore. Aliijenga mwenyewe, kwa taabu, na sasa amekwenda kwa Christopher Robin kutoa taarifa kwamba haipo.

Ukweli unapojulikana, hakuna anayemwambia. Anapelekwa kuiona nyumba, naye anahitimisha kwamba upepo uliibeba ukaivusha msitu na kuishusha pale ikiwa nzima, na kwamba sehemu nyingine imekuwa bora kuliko mwanzo. Anawaambia kwa fahari kwamba huo ndio mfano wa nyumba iliyojengwa kwa akili. Pooh na Piglet wanakuja kukiri kosa lao kwa Christopher Robin peke yake, naye anacheka.

Je, walimpenda alivyo? Walimpenda kwa haraka, kwa pupa, bila kuuliza. Walimharibia ili wamtengenezee. Urafiki wa namna hiyo naufahamu, na nadhani kila mtu anaufahamu. Sina haja ya kuupamba.

Kwa hiyo hakuna aliyewahi kumwambia abadilike?

Yupo mmoja: Rabbit, katika sura ya tisa ya kitabu cha pili. Watu huikumbuka kidogo sehemu hii, na ndiyo ningependa kila mpenzi wa Eeyore aisome.

Upepo mkali umeiangusha nyumba ya Owl. Rabbit anakwenda kumwomba Eeyore asaidie kutafuta nyingine, na Eeyore anaanza kama kawaida yake: hakuna anayemwambia chochote, siku zinapita hakuna aliyemsemesha. Rabbit anamkatiza. Anamwambia kosa ni lake. Hajawahi kwenda kumtembelea yeyote, anakaa katika kona yake akisubiri wengine waje. Mbona haendi yeye kwao mara mojamoja?

Eeyore ananyamaza, anawaza. Kisha anakubali kwamba huenda kuna ukweli katika hayo.

Ninampenda Rabbit kwa maneno yale, ingawa ni mkali na ana haraka zake. Hakumtaka Eeyore atabasamu. Hakumwambia maisha ni mazuri, wala hakumtajia wenye shida kubwa kuliko zake. Alimwomba miguu yake tu: atoke, aende kwa wenzake, akiwa na uso wake uleule. Na Eeyore akaenda. Siku chache baadaye ndiye anayetokea na habari kwamba amempatia Owl nyumba, anawaongoza wote kwa fahari, na wanafika mlangoni kwa Piglet. Hakujua kwamba ni kwa Piglet. Kwa nini angejua, wakati hajawahi kufika? Piglet anaitoa nyumba yake kwa Owl bila kusema neno baya, Pooh anamkaribisha Piglet kuishi naye, na kosa la Eeyore linapokelewa vilevile walivyotaka wao yapokelewe makosa yao.

Je, Eeyore anajali mtu mwingine zaidi ya nafsi yake?

Anajali, ila haonyeshi kwa maneno matamu. Katika safari ya kutafuta Ncha ya Kaskazini, Roo anaangukia mtoni. Kila mmoja anahangaika kwa namna yake. Eeyore anageuka, anaushusha mkia wake majini ili Roo aushike, na anaendelea kuushikilia humo hata baada ya Roo kuokolewa kwingine, hadi mkia unakufa ganzi kwa baridi. Unaweza kucheka, na Milne alitaka ucheke. Lakini kati ya vyote alivyonavyo punda huyu, mkia ndio alioulilia, na ndio alioutoa.

Katika mchezo wa kudondosha vijiti darajani na kuangalia cha nani kitatokea kwanza upande wa pili, anashinda mara nyingi kuliko wote. Siku hiyohiyo Tigger alikuwa amemsukuma mtoni. Wanamalizaje? Eeyore anaondoka pamoja na Tigger, kwa sababu anataka kumfundisha jinsi ya kudondosha kijiti ili ashinde.

Na Christopher Robin anapokaribia kuondoka, mwishoni mwa kitabu cha pili, ni Eeyore anayetunga shairi la kumuaga kwa niaba ya wote. Shairi lenyewe linayumba, vina vinampiga chenga. Hakuna mwingine aliyethubutu kuliandika.

Eeyore wa vitabuni na wa katuni ni mmoja?

Hapana. Wa vitabuni ana ulimi. Anarusha vijembe, anawaona wenzake kuwa vichwani mwao hamna ubongo, na kuna sura anajifunza herufi A kwa vijiti vitatu na kujiona msomi, hadi anapogundua kwamba Rabbit naye anaijua; basi anavikanyaga vijiti vile kwa hasira. Ana majivuno, na majivuno yake ndiyo yanayofanya upweke wake uume.

Kampuni ya Disney ilipata haki za hadithi hizi mwaka 1961, na filamu fupi ya kwanza ikatoka 1966. Sauti ya Eeyore ilikuwa ya Ralph Wright, mtunzi wa hadithi wa hapo hapo Disney mwenye sauti nzito ya chini. Tangu 1988 sauti iliyozoeleka zaidi ni ya Peter Cullen, ambaye pia ndiye sauti ya Optimus Prime, yule roboti wa katuni na filamu za Transformers. Eeyore wa katuni ni mpole zaidi, mpweke zaidi, na nyumba yake ya vijiti huanguka mara kwa mara. Vijembe vimepungua. Simlaumu anayempenda huyu, kwa kuwa sauti ile peke yake inatosha kumfanya mtoto atake kumkumbatia. Ila akija kumsoma vitabuni atakutana na mtu mzima kamili.

Katika Umoja wa Kisovieti zilitengenezwa katuni tatu kati ya 1969 na 1972, zikiongozwa na Fyodor Khitruk. Humo Christopher Robin hayumo kabisa. Sura ya siku ya kuzaliwa imo, na ile ya mkia imeunganishwa nayo. Ukizipata zitazame hata kama hujui Kirusi; yule punda ana macho ambayo hayahitaji tafsiri.

Je, Eeyore ana sonona?

Mwaka 2000 madaktari wa Halifax, Kanada, walichapisha katika jarida la Chama cha Madaktari cha nchi hiyo makala iliyowapima wahusika wa msitu huu mmoja mmoja. Eeyore alipewa ugonjwa wa sonona ya muda mrefu isiyo kali. Makala ilitoka Desemba, katika toleo la kuchangamsha wasomaji, na iliandikwa kwa mzaha. Tangu hapo imenukuliwa mno na watu waliosahau kwamba ilikuwa mzaha.

Mimi sipendi kumpa mhusika cheti cha daktari. Lakini siwezi kupuuza kwamba watu wengi wanaoishi na sonona humtaja Eeyore kama mmoja wao, na kwamba kwa baadhi yao yeye ndiye njia rahisi ya kumwambia rafiki hali waliyo nayo. Hilo ni jema. Kinachonitia shaka ni pale anapotumiwa kama ushahidi kwamba mwenye sonona hahitaji msaada, anahitaji tu kuachwa alivyo. Huzuni ya Eeyore haimnyimi chakula wala usingizi, wala haimfanyi atamani kutokuwepo. Yako ikifikia huko, au ikidumu wiki baada ya wiki, mwone mtaalamu wa afya. Kumpenda Eeyore hakukuzuii kutibiwa.

Mtoto wangu anampenda Eeyore kuliko wote. Nihofie?

Sioni sababu. Watoto huvutwa naye kwa mambo mengi: wengine wanapenda sauti yake, wengine wanapenda kuwa na mtu wa kumhudumia, kwa kuwa Pooh ana asali yake na Tigger ana nguvu zake, lakini Eeyore anahitaji mtu. Mtoto ambaye kila siku huhudumiwa hupata nafasi ya kuwa yeye ndiye anayehudumia. Na wapo wanaomwelewa tu, kwa sababu wao nao ni wapole na hawapendi kelele.

Muulize angempa Eeyore nini siku yake ya kuzaliwa. Utajifunza mengi juu ya mtoto wako kwa jibu hilo kuliko kwa kumuuliza kwa nini anampenda.

Siku yake ya kuzaliwa ni lini?

Vitabu havitaji tarehe. Mjini Austin, Texas, wanafunzi wa chuo kikuu walianza mwaka 1963 kumfanyia sherehe ya kuzaliwa, nayo imekua hadi kuwa sherehe kubwa ya mji, ya kila majira ya kuchipua, huwa Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Punda aliyelalamika kwamba hakuna aliyekumbuka siku yake anafanyiwa sherehe bustanini na umati wa watu. Nafurahi kila ninapolifikiria.

Midoli ya asili iko wapi? Na msitu upo?

Midoli ilipelekwa Marekani mwaka 1947 na tangu 1987 iko katika Maktaba ya Umma ya New York, ambako hutazamwa bila malipo. Ilifanyiwa matengenezo makubwa mwaka 2016. Wako Pooh, Piglet, Kanga, Tigger na Eeyore. Roo hayupo, alipotea katika shamba la matofaa zamani sana, Christopher Robin akiwa bado mtoto.

Msitu nao upo. Ni Ashdown Forest, katika Sussex, kusini mwa Uingereza, karibu na kijiji cha Hartfield, ambako familia ya Milne ilinunua nyumba ya shamba mwaka 1925. Ukifika usitarajie miti iliyosongamana kila upande. Sehemu kubwa ni uwanda wa vichaka na nyasi, na kuna mabonde yenye majimaji ambayo mtu anayemjua Eeyore atayatambua mara moja.

Naruhusiwa kuandika hadithi yangu inayomhusu?

Inategemea uko wapi. Nchini Marekani kitabu cha kwanza kimekuwa mali ya umma tangu Januari 1, 2022, na cha pili tangu Januari 1, 2024. Uingereza hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi. Milne alifariki Januari 1956, kwa hiyo maandishi yake yanalindwa huko hadi mwisho wa 2026. Shepard alifariki 1976, hivyo michoro yake bado italindwa Uingereza kwa miaka mingi. Angalia sheria ya nchi yako kabla ya kuchapisha. Na popote ulipo, sura ya Eeyore ya Disney, yenye nywele nyeusi na ule mwili wa katuni, ni yao, usiinakili.

Nikitaka kumsomea mtoto, nianzie wapi?

Anza na sura ya nne ya kitabu cha kwanza, ya mkia, kisha ya sita, ya siku ya kuzaliwa. Zinasomeka peke yake. Kutoka hapo nenda sura ya kwanza ya kitabu cha pili, ya nyumba na theluji. Ile ya Rabbit kumwambia ukweli iache hadi mtoto awe amemzoea Rabbit, la sivyo atamwona katili.

Kuhusu sauti: usimsome Eeyore kwa sauti ya kulia. Wengi hufanya hivyo na watoto huchoka ukurasa wa pili. Yeye halii. Msome taratibu na kwa ukavu, kama karani anayesoma orodha ya mali iliyopotea, na uache nafasi baada ya kila sentensi yake. Vijembe vyake vitafika vyenyewe. Na ukifika pale anapouliza rangi ya puto, usiharakishe jibu.